Ticha wa Lupepo, dunia haianzii New York

Wiki hii naweka kando yale mambo yetu ya mapenzi. Wale mliosubiri sehemu ya pili ya mada ya wanaume bahili mtanisamehe, maana kuna barua imenikaba tangu Jumatatu.

Imetoka Lupepo. Najua wengi wenu hapo mjini mnajiuliza Lupepo ndiyo wapi. Ni kata katika wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya, upande wa Tukuyu, kwenye migomba, chai, maparachichi na mvua isiyojua Jumapili. Aliyeandika ni binti wa Temeke, mtoto wa mjini kabisa, kapata ajira ya ualimu wa shule ya msingi na kituo kikaangukia huko. Jina ninalo, ila kaomba nisilitoe. Anasema hivi:

"Shikamoo kaka. Mimi nafundisha darasa la sita. Watoto wana akili na wana adabu mpaka naona haya, lakini nikitaja nchi za nje wananitazama kama nawahadithia ndoto. Kitendea kazi changu ni simu yangu moja ya tachi. Juzi niliwaonyesha video ya New York, yale maghorofa na mataa. Walishangilia kweli kweli. Halafu mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha mkono akauliza, mwalimu, na wao wanatuona sisi? Kaka, nilikosa la kumjibu. Niendelee vipi? Na bando langu lenyewe ni la kuungaunga, jioni limekata."

Marahaba mdogo wangu. Kwanza pole na baridi, natumaini ulikumbuka kubeba sweta. Pili, huyo mtoto wa nyuma muweke mbele.

Maana swali lake lilinifanya nishike simu usiku huo huo, nikaandika neno moja, Lupepo, nione dunia inajua nini. Kwenye Wikipedia ya Kiswahili nikakuta ukurasa. Mistari michache: kwamba Lupepo ni kata, iko wilaya gani, mkoa gani, postikodi yake, na idadi ya watu kwa mujibu wa sensa. Basi. Hakuna mlima, hakuna mto, hakuna bibi anayeuza ndizi, hakuna historia. Ni kama kitambulisho kisicho na picha.

Sisemi hivyo kuwabeza walioandika. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na watu kama mwandishi wetu Ndesanjo Macha walijitolea kuisukuma katika miaka ile ya mwanzo, wakati wengine tulikuwa tunashangaa intaneti kafe inauzaje dakika. Leo ina makala zaidi ya 80,000, na walioifanya wamehakikisha kata zetu angalau zina mlango wa kugonga. Lakini ile ya Kiingereza ilishapita makala milioni 6. Sasa piga hesabu mwenyewe, mtoto wa Lupepo akitaka kuisoma dunia kwa lugha anayofundishiwa, anapewa kijiko wakati mwenzake anapewa sufuria.

Turudi kwa New York. Sikatai, maghorofa ni matamu kuyatazama. Ila mtoto akifundishwa kwamba dunia ni ile iliyoko kule kwenye mataa, na yeye yuko huku nje ya dunia anaichungulia kwa kioo cha simu ya mwalimu, somo atakalobaki nalo ni moja tu: siku moja niondoke hapa. Wangapi mitaani kwetu tumekuja Dar kwa somo hilo hilo? Simlaumu mtu, mimi mwenyewe sijazaliwa Kariakoo. Lakini ningekuwa wewe ningegeuza njia. Ningeanza na kitu kilichopo Rungwe, halafu ningefuata nyayo zake mpaka zinakofika.

Anza na kipunji.

Vijana wa mjini, mnamjua kipunji? Msicheke, nyie mnamjua simba wa Msimbazi tu. Kipunji ni mnyama wa jamii ya kima, mkia mrefu, manyoya ya kahawia yenye kijivu, na nywele za utosini zimesimama utadhani katoka saluni sasa hivi. Analia kwa sauti kama ya honi inayobweka. Anaishi misitu ya Mlima Rungwe na Kitulo, na kundi dogo liko milima ya Udzungwa. Kwingine kote duniani hayupo, hata kwenye pesa hayupo.

Habari yake ni hivi. Watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society waliokuwa wakifanya kazi eneo la Mlima Rungwe walisikia kutoka kwa wawindaji wa vijiji vya pale kwamba msituni kuna mnyama anaitwa kipunji. Wakawa hawana uhakika kama ni mnyama kweli au ni mambo ya mizimu. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho. Mwaka 2004 watafiti wengine wakamwona Udzungwa, bila kujua kama wenzao wameshamwona kule Rungwe. Mwaka 2005 habari ikatoka kwenye jarida la Science la Marekani, na mwaka 2006, baada ya kupima vinasaba na kuona kwamba ni ndugu wa karibu wa nyani, wakampa jenasi yake mwenyewe: Rungwecebus. Ndiyo, Rungwe yenyewe imo humo. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilikadiria kwamba wako 1,117 tu.

Sasa mdogo wangu, ona utamu wa somo hilo. Andika Rungwecebus ubaoni, usiseme lolote, waache wasome. Watoto wataliona jina la wilaya yao limejificha ndani ya neno la Kilatini linalosomwa Tokyo na Berlin. Halafu waonyeshe picha. Halafu waulize swali: je, kipunji aligunduliwa mwaka 2003? Maana kila utakakofungua utakuta hivyo, "aligunduliwa". Watume nyumbani wakawaulize babu na bibi. Wengine watarudi na jibu kwamba babu alimjua toka utoto. Wengine watarudi na jibu kwamba bibi hajawahi kumsikia. Yote mawili ni majibu mazuri. Hapo umewafundisha sayansi, umewafundisha kwamba kujua jambo na kuliandika likasomwa na wengine ni vitu viwili, na umewafundisha kumtilia shaka aliyeandika. Kwa bando la dakika kumi!

Ukimaliza kipunji nenda Ziwa Masoko, humo humo wilayani. Ni ziwa la kreta, duara, na kando yake kuna boma la Mjerumani. Ukitafuta mtandaoni utakutana na ngano za hazina, kwamba Wajerumani walitupa sarafu zao majini wakati wa vita. Watoto watakuwa wameshazisikia, na mimi nazipenda. Ila kuna hazina nyingine ambayo haipigiwi kelele. Wanasayansi, wengi wao Wafaransa, walitoboa tope la chini ya ziwa hilo miaka ya 1990, wakalivuta juu kwa mabomba na kulisoma tabaka kwa tabaka, jinsi unavyosoma daftari la madeni la duka la Mpemba. Tope likawapa habari za hali ya hewa za takriban miaka 45,000: lini mvua zilikuwa nyingi, lini palikauka, lini majivu ya volkano yalianguka. Watu wa vyuo vikuu Ulaya wanatumia tope la Masoko kuelezea hali ya hewa ya Afrika ya kale. Mtoto wa Rungwe anapita hapo anateka maji.

Majivu hayo yanatupeleka mbali zaidi. Ardhi nyeusi inayoifanya migomba ya Rungwe inenepe hivyo ni kazi ya volkano. Mlima Rungwe ni volkano, Ngozi ni volkano, na Kiejo ilitoa uji wa moto kwa mara ya mwisho takriban mwaka 1800, ambayo ni juzi tu kwa saa za milima. Daraja la Mungu kule mto Kiwira, mnalopigia picha za harusi, ni mwamba wa uji huo huo ulioganda. Mkishafika hapo, wafungulie video za Goma. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na mwaka 2002 ulishalipuka uji wa moto ukapita katikati ya mji, mamia ya maelfu wakakimbia. Video za Goma zina faida moja ambayo New York haina: wanaopiga kelele humo wanapiga kelele kwa Kiswahili. Kiswahili chao kina ladha ya kwao, watoto watacheka kidogo, halafu watanyamaza, maana wataelewa kila kitu. Wataona mama amebeba godoro na mtoto, anasema nyumba imekwenda. Halafu wachoree ubaoni lile Bonde la Ufa linalotoka huko Kongo, linashuka na Tanganyika, linapita Rukwa, mpaka linafika kwao na ziwa Nyasa. Ufa ni ule ule. Hao wa Goma ni majirani wa ukoo mmoja wa milima.

Kuhusu chai na parachichi sitasema mengi, wewe uko shambani unajua kuliko mimi. Lakini wafuatilie safari. Jani linachumwa Rungwe, linasindikwa, halafu bei yake inapigiwa mnada Mombasa kila wiki kwa dola, na tangu Novemba 2023 Dar nako kuna mnada wetu. Parachichi la Hass linapanda meli kwenye kontena la baridi. Mtoto ambaye baba yake analalamikia bei ya chai kila mwezi, mwonyeshe bei inakozaliwa. Hiyo ni jiografia inayofika mpaka kwenye sahani ya jioni.

Kuna kitu kingine ambacho vijana wengi wa Kinyakyusa hapa mjini hawakijui, nimewauliza kijiweni wakabaki wananitolea macho. Kati ya mwaka 1934 na 1938 wasomi wawili, mke na mume, Monica na Godfrey Wilson, walikaa huko Unyakyusa wakiandika maisha ya watu. Mwaka 1951 Monica akatoa kitabu kinaitwa Good Company, kuhusu vijiji vya rika: jinsi vijana wa umri mmoja walivyokuwa wanaondoka kwa wazazi na kujenga kijiji chao. Kitabu hicho kimesomwa na wanafunzi wa elimu ya jamii nchi nyingi. Yaani wapo vikongwe Uingereza na Afrika Kusini walioandika insha za mtihani kuhusu babu zenu! Mwambie huyo mtoto wa nyuma: ndiyo, walituona. Tatizo ni kwamba waliandika kwa lugha yao na kitabu kikabaki kwao. Tafuta angalau muhtasari, ukibanwa na Kiingereza kuna mashine za kutafsiri kwenye simu. Zinachapia mno, lakini zinasukuma siku.

Sasa tuje kwenye bando, maana najua hapo ndipo unaposubiri.

Acha mambo ya kufungua video mbele ya darasa mtandao ukisuasua. Siku ukifika mjini Tukuyu, au popote penye mtandao wa kueleweka, pakua kila kitu mara moja, weka kwenye kadi ya simu, rudi nacho. Kuna programu inaitwa Kiwix, ya bure, inakuwezesha kubeba Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya simu na kuisoma bila bando hata la shilingi. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba ya vitabu mtandaoni, na vipindi vya Ubongo Kids viko kwa Kiswahili, watoto wanavipenda. Picha moja nzuri kapige fotokopi ya rangi steshenari, bandika ukutani, itafundisha mwaka mzima hata umeme ukikatika. Na mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu nchi nzima ikawa inazungusha kile kiduara? Aliyekuwa na vitu vyake kwenye kadi aliendelea kula raha.

Halafu simu moja kwa darasa zima, usiwapange mstari wachungulie kama wanapiga kura. Wagawe vikundi, kila kikundi dakika tano na swali moja la kutafuta jibu lake kwenye picha. Wengine wachore, wengine waandike. Nakuhakikishia swali moja kwa wiki linatosha.

Na uwafundishe uongo. Nasema kweli. Mtandaoni kuna watu mpaka leo wanaandika kwamba Kilimanjaro iko Kenya, na wanaandika kwa kujiamini! Watafutie mfano kama huo, waache wapandwe na hasira, halafu waulize: kama wanakosea mlima mkubwa kuliko yote Afrika, mangapi mengine wanayakosea ambayo sisi hatuna habari? Mtoto akishapata hasira hiyo hatameza tena kila kitu kisa kimeandikwa.

Wazazi wakihoji kuhusu simu darasani usiwanunie. Wana sababu. Wameona simu zinavyowaharibu watoto wa watu, na mwanafunzi haruhusiwi kwenda na simu shuleni. Waalike siku moja, wasalimie kwa heshima zote za huko, mugonile, waonyeshe kipunji kwenye kioo. Usishangae mzee mmoja akivuta kiti na kuanza kusahihisha jina la mlima lilivyoandikwa. Hapo umepata mwalimu wa pili wa bure. Mrekodi sauti, kwa ruhusa yake.

Wale wa mjini mnaodhani haya ni mambo ya kitoto, kumbukeni Machi 2020. Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, watoto wa darasa la sita hawakurudi madarasani mpaka tarehe 29 Juni. Mtoto wa Masaki alisoma kwa kompyuta sebuleni. Wa Temeke alisubiri dada arudi na simu. Wa vijijini wengi walikwenda shamba. Miezi mitatu na nusu ya pengo haizibiki kwa kusema "poleni". Siku mlango ukifungwa tena, itajulikana nani alishafundishwa kutafuta jambo mwenyewe na nani alikuwa anasubiri kutafuniwa.

Sasa kazi niliyokuahidi kichwani mwangu tangu mwanzo: ule ukurasa wa Lupepo. Yeyote anaweza kuuongezea, lakini Wikipedia ina masharti yake. Haikubali "bibi kasema", inataka maandishi yaliyochapishwa. Unaweza kuona kwamba hapo mtoto wa Lupepo ameshapigwa chenga, maana nani kachapisha kitu kuhusu Lupepo? Kwa hiyo fanya mambo mawili kwa pamoja. Vile vyenye ushahidi, mfano takwimu za sensa au habari za wilaya zilizochapishwa, viandike wewe na darasa, sentensi moja moja, kwa Kiswahili kilichonyooka. Piga picha ya mto, ya shamba, ya soko siku ya mnada, iweke humo. Sura za watoto usiziweke, wala majina yao. Na vile ambavyo bado havijachapishwa popote, yale ya babu na bibi, watoto waviandike kwenye daftari moja kubwa la darasa, jalada gumu, tarehe na jina la aliyesimulia. Daftari hilo liwe kwenye kabati la shule. Akina Wilson walianza hivyo hivyo, kwa kalamu na kukaa na wazee.

Nyie wengine mliobaki mnasoma hii kwenye daladala, nina ombi. Simu zenu za zamani zina kadi ndogo za kumbukumbu zimelala droo moja na betri zilizovimba. Mwenye Wi-Fi ya ofisini, pakua: Wikipedia ya Kiswahili, video za Nyiragongo, picha za kipunji, ramani. Mabasi ya Kyela yanapita Tukuyu kila siku, bahasha ndogo haina gharama ya maana. Leteni mapokezi ya gazeti kabla ya Ijumaa saa kumi, andikeni juu "ticha wa Lupepo", mimi nitampigia dereva. Na jamani, futeni kwanza zile video zenu. Nitafungua kadi moja moja kabla hazijapanda basi.